Njooni Bila Kula

"Njooni bila kula," alisema meneja wa matangazo, na alilisema hilo huku anatafuna.

Alikuwa amesimama katikati ya karakana ya mahema, kipande cha keki mkononi, na makombo yanamdondokea fundi kwenye kitambaa alichokuwa anashona. Fundi akayapuliza makombo polepole, kwa adabu, kama mtu anayempulizia mtoto jicho. Alidhani masikio yamemdanganya. Karakana ile ilikuwa na kelele za cherehani hata mtu akipiga chafya ilibidi amwambie jirani yake kwa ishara.

"Bila kula, bosi?"

"Bila kula. Wewe, mke, watoto na mama yako. Ni picha za tangazo la mahema. Mtapika palepale kambini, chakula chepesi cha familia, kama watu waliokwenda kupumzika. Nataka watoto wakiona sufuria, nyuso ziwake zenyewe. Tabasamu la kuigiza mteja analijua. Mimi nataka njaa ya kweli."

Mafundi wa jirani wakacheka puani. Fundi hakucheka. Ilikwisha kutangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwezi nusu ya mafundi watamwaga unga, na hakuna aliyejua kama yumo katika nusu hiyo au nusu ile. Tangu siku hiyo watu walikuwa wanashona kama wanaofukuzwa, na waliokuwa marafiki walianza kuhesabiana mara za kwenda msalani.

Meneja akainama sikioni kwake, ananukia vanila. "Mtu ambaye sura yake iko kwenye mabango ya kampuni, nani atamfukuza? Hebu fikiria."

Fundi akafikiria mpaka sindano ikamchoma kidole.

Nyumbani habari hiyo ilipokelewa kwa vicheko. Mkewe, ambaye ni msusi, alikuwa anamalizia kichwa cha binti yao mkubwa, kitana kimebanwa kwenye meno. Mdogo, waliyemwita Kitinda, alikuwa ameshaanza kuruka kitandani na kuimba "nyama, nyama, nyama," maana baba alisema watapika nyama na viazi, na nyama kwa nyumba ile ilikuwa kama mgeni wa mbali, inafika mara moja na haikai.

"Kupika bila kula!" Bibi, mama yake fundi, alipiga makofi. "Huyo mama wa watu hajui kujieleza. Anachotaka kusema ni kwamba tusijishindilie nyumbani, tuache nafasi ya huko."

"Alisema bila kula, mama. Alirudia mara mbili."

"Na mimi nakuambia mara tatu. Nimepika harusi, nimepika misiba, nimepikia mpaka watu waliokuwa hawanipendi. Mpishi ndiye anayekula wa kwanza. Mtu akikuita upike kwake, si ndiyo amekuita ule?"

Hoja hiyo haikuwa na mahali pa kuishika. Wakalala nayo.

Asubuhi hakuna aliyetia kitu mdomoni. Bibi alikuwa mgonjwa wa sukari, na kila siku alijidunga sindano yake halafu akanywa uji. Siku hiyo alijidunga kama kawaida. Msusi alimkuta anafunga kifuniko cha sindano.

"Mama, sindano, na tumbo tupu?"

"Tunakwenda kupika, mwanangu, hatuendi kufua. Muda si mrefu tutakuwa tumeshaonja mchuzi." Kisha akatia peremende zake mfukoni mwa gauni, kama afanyavyo siku zote, akaugonga mfuko kwa kiganja. "Na askari wangu hawa hapa. Twende zetu."

Hilo ndilo kosa lililofanyika, na lilifanywa na watu wenye akili timamu, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona chakula kinapikwa ili kisiliwe.

Kambi ilikuwa kando ya bwawa, kwenye majani yaliyokatwa vizuri hata ukaona haya kuyakanyaga. Katikati lilisimama hema la rangi ya chungwa, kubwa, lenye ukumbi na dirisha la wavu. Fundi alilitambua kwa mshono wake wa pembeni. Katika maisha yake alikuwa ameshona mahema ambayo ukiyatandaza yangefunika mji mzima na kubaki kipande cha kuwafunikia majirani, lakini hajawahi kuingia ndani ya hema lililosimama. Akaingiza kichwa, akakitoa, akacheka peke yake.

"Baba, ni letu?" Kitinda aliuliza.

"Leo ni letu."

Kabla hawajazoea hewa ya pale, binti mmoja wa kikosi cha picha, aliyekuwa na brashi za kupakia rangi zimejaa kiunoni kama risasi, akawaletea nguo. Mashati ya rangi ya kampuni, suruali zenye mifuko isiyo na kazi, na kwa Bibi sweta la manyoya na kofia ya kusuka. Wakavulia nguo zao nyuma ya gari. Binti wa brashi akazikunja zote kwenye mfuko mmoja, akautupa ndani ya gari, na dereva akaondoka kwenda mjini kuchukua betri za kamera na chakula cha kikosi.

"Sweta, na jua hili?" Bibi aliuliza.

"Katika picha kuna baridi, bibi," alijibu mpiga picha. Huyu walimwita Kofia, kwa sababu alivaa kofia ya michezo iliyogeuzwa nyuma, na pengine ndiyo sababu hakuona mengi yaliyokuwa mbele yake.

Msusi akapewa sufuria mpya inayong'aa na moto wa kuni. Hapo akasahau kila kitu. Alikatakata vitunguu, akaviunga, akatia nyama, akageuza. Harufu ilipopanda, hata Kofia alinyamaza. Kitinda alishika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba litaondoka bila yeye. Binti mkubwa, aliyekuwa katika umri wa kuona aibu kwa kila jambo, alijifanya anaangalia bwawa, ila pua ilikuwa inaangalia sufuria.

"Toa motoni!" Kofia alipiga kelele.

"Nyama ngumu bado, kaka yangu. Viazi ndiyo kwanza vimeingia."

"Vizuri. Nyama ikiiva inajikunja. Viazi vikiiva vinapasuka. Kamera haina meno, mama, toa."

Akatoa. Binti wa brashi akapiga magoti mbele ya sufuria, akafungua kopo, na kuanza kupaka vile viazi kimoja kimoja, kisha nyama, kwa uangalifu wa mtu anayepaka kucha za bibi harusi. Chakula kikang'aa. Kilipendeza hata msusi mwenyewe akajisifu moyoni. Harufu iliyotoka sasa, hata hivyo, haikuwa ya mchuzi. Ilikuwa ya kabati jipya.

Kitinda alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Usiguse! Ni sumu!" Kofia alimpiga kofi la mkononi, si kali, lakini mtoto aliruka.

Msusi akasimama, mwiko mkononi. "Ni nini?"

"Ni vanishi tu, mama, ya mbao. Ili chakula kisikauke."

"Mmetia vanishi kwenye chakula cha watoto wangu?"

"Si chakula," alisema Kofia, na hakusema kwa ubaya, alikuwa anamfundisha. "Ni picha."

Msusi alimtazama mumewe. Mumewe alitazama viatu vyake. Meneja, aliyekuwa ameketi chini ya mwavuli na chupa ya soda ya machungwa, aliwapungia mkono kwa uchangamfu. "Mnakwenda vizuri! Mama, usikunje uso, hapo umestarehe!"

Wakastarehe. Walistarehe asubuhi nzima na mchana. Waliketi mbele ya hema kwa mpangilio uliobadilika kila mara, sahani mapajani, vijiko vimeinuliwa. Waliambiwa wafungue midomo na wasiifunge. Waliambiwa wacheke, na fundi alicheka mpaka mashavu yakamganda, ikawa akitaka kuacha inabidi ayashushe kwa mkono. Alipoambiwa amlishe mkewe, akamlisha kipande kimoja kisichopakwa vanishi, kibichi, na kabla hajafunga mdomo Kofia akasema, "Usimeze, mama! Shavu likivimba linaharibu. Tema kwenye kopo."

Akatema kwenye kopo, mbele ya mama mkwe wake, mbele ya wanawe. Kisha akalishwa tena.

"Mama, mate yananitoka," Kitinda alinong'ona.

"Yameze."

"Nimeyameza mpaka nimeshiba."

Binti mkubwa alijaribu ujanja wake. Aliona mkate kwenye kikapu, mkubwa, umevimba, una rangi ya kukaangwa. Akajisogeza taratibu, akaupindisha mkono nyuma ya mgongo, akamega. Mkono ukarudi na kipande cha godoro. Walikuwa wamekata sponji ya godoro, wakaichonga, wakaipaka rangi ya kahawia. Alikirudisha kipande mahali pake na kukibandika vizuri kwa kidole, machozi yanamlenga, maana aliona haya kana kwamba yeye ndiye aliyewadanganya wao.

"Na hiyo juisi?" Bibi aliuliza.

"Maji ya rangi, bibi. Na sabuni kidogo ya vyombo, ili itoe povu."

"Basi tuoge," alisema Bibi.

Watu wote wakacheka, hata meneja. Huo ulikuwa mzaha wa mwisho wa Bibi kwa muda mrefu, na kama wangemtazama wangeona kwamba mwenyewe hakuucheka.

Alasiri ilipoingia, nyama yote ilikuwa imekwisha kupakwa vanishi, na kijiko cha Bibi kikaanza kugonga sahani. Ti-ti-ti-ti. Alikishika kwa mkono wa pili, na mikono yote miwili ikagonga pamoja. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likashuka mashavuni na kuingia kwenye kola ya sweta.

Binti wa brashi alisogea na kitambaa.

"Msimfute!" Kofia alisema, jicho moja limezama kwenye kamera. "Bibi anang'aa! Mungu wangu, ona anavyong'aa. Bibi, tazama hapa. Usibabaike."

Msusi alikuwa anamtazama kutoka upande wa pili wa sufuria. Jasho lile alilijua. Alilikuta nyumbani usiku mmoja, Bibi ameanguka sakafuni, na tangu hapo hawakuacha kumwekea peremende kila mfuko. Akaweka sahani chini.

"Mama, vipi?"

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Toa peremende."

Bibi akapapasa sweta, huku na huku. Sweta halikuwa na mifuko. Akapapasa tena, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake usiku.

"Nguo zetu," msusi alisema. "Nguo zetu ziko wapi?"

"Kwenye gari," alijibu binti wa brashi.

"Na gari?"

"Halijarudi."

"Mwache mwanangu afanye kazi," Bibi alisema taratibu, na ulimi wake ulikuwa umekuwa mzito. "Usimharibie. Nitakaa hivi hivi."

Msusi akainuka na kumwendea meneja chini ya mwavuli. Alijikaza. Alikunja mikono mbele, akainamisha kichwa kidogo, akaongea kwa ile sauti ambayo mtu huitumia kwa wenye vyeo, sauti ambayo baadaye alijichukia kwa kuitumia.

"Samahani, madam. Mama yetu ana sukari. Alijidunga sindano asubuhi, tukijua tutakula. Sasa sukari imeshuka. Anahitaji kitu kitamu, chochote kile, sasa hivi."

"Nilisema mje bila kula," alisema meneja. "Sikusema mje na wagonjwa."

"Ndiyo, madam. Kosa letu. Kitu kidogo tu."

"Gari likija, kuna chakula. Jua nalo likilegea kidogo ndipo tunapata ile rangi, halafu tumemaliza. Nimewakodi watu hawa kwa siku moja, mama. Moja. Msikilizeni mpiga picha mtakula mapema." Akanywa soda.

Msusi alirudi kwa mumewe, akamshika mkono juu ya kiwiko. "Twende."

"Twende wapi?"

"Popote penye kitu cha kula. Mbebe mama yako."

Fundi alimtazama mama yake, akamtazama meneja, na karakana nzima ikapita machoni pake, safu kwa safu, na nusu ya viti havina watu. "Mama watoto, kidogo tu. Nakuomba. Nimevumilia tangu asubuhi, ukinivunjia sasa nimepata nini? Mama ni mtu wa kuvumilia. Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo, kaka," alisema Bibi.

Fundi akashtuka. "Mimi mwanao."

"Ndiyo, kaka. Mmefungia kuku?"

Kijiko kikaanguka. Kisha Bibi mwenyewe akaegemea upande, polepole, kama gunia linaloteleza, akamwangukia Kitinda mapajani. Mtoto akapiga ukelele, na kamera ikalia: chaka-chaka-chaka.

Msusi hakupiga kelele. Alikimbia. Alivuka majani yale mazuri kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana, akafika mwavulini, akampokonya meneja chupa mkononi, kwa nguvu hata miwani ya meneja ikaruka. "We mwanamke! Una wazimu?" Msusi hakugeuka. Alirudi, akapiga magoti, akaketi nyuma ya Bibi na kumkalisha, kichwa cha mgonjwa kifuani kwake.

"Mama. Meza. Ni mimi, mkweo. Meza kidogo. Hivyo. Tena."

Soda ikamwagika kidevuni, ikaingia kidogo, ikaingia tena. Binti mkubwa alishika mguu wa bibi yake, akawa anausugua kana kwamba uhai ungetokea huko. Fundi alisimama, mikono imeninginia. Alikuwa na mikono mikubwa inayoweza kusukuma sindano kwenye turubai la tabaka nne, na hakujua aiweke wapi.

Chaka-chaka-chaka, ilisema kamera.

Wakangoja. Upepo wa bwawa ukapuliza hema, likavuta pumzi na kuitoa. Hatimaye Bibi alipepesa macho, akalamba midomo, na kuitazama chupa kwa muda mrefu.

"Soda ya nani hii?"

"Ya bosi, mama."

"Mwambie imekufa gesi."

Msusi alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akakifuta chote kwa mkono wa shati la kampuni.

Meneja alikuja ameshika miwani yake, mdomo umeshafunguka kwa ajili ya matusi. Kofia akamwita kando kwanza. Wakainamisha vichwa kwenye kioo cha kamera. Meneja akatazama picha moja, akatazama nyingine, na mdomo ule ukafunga wenyewe. Akaweka mkono kifuani.

"Jamani," alisema. "Jamani, hii ndiyo. Mkwe na mama mkwe, hema nyuma, kile kichwa kilivyolala. Hii ni halisi. Hii hata mimi inaniliza." Akageuka, uso umelainika, akamwendea Bibi, akachuchumaa kabisa kando yake. "Bibi, pole sana. Unajisikiaje?"

"Ninajisikia."

"Tatizo ni chupa tu. Chupa ya soda inaonekana, na ile si kampuni yetu. Tukiweka kikombe chetu cha kambi..." Akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetoa zawadi. "Bibi anaweza kuegemea tena? Kidogo tu, kama alivyofanya. Jua lenyewe ndilo hili linalegea."

Hata Kofia alitazama pembeni. Binti wa brashi alianza kupanga brashi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Unasema?" msusi aliuliza.

"Aegemee. Asianguke, aegemee."

Msusi akamlaza mama mkwe wake kwenye mto, akasimama, akakung'uta majani magotini. Watu walidhani atampiga meneja, na mumewe alisogea tayari kumzuia. Alimpita meneja kama mtu apitavyo mti. Alikwenda kwenye sufuria inayong'aa, akaiinua kwa mikono yote miwili, akaimwaga nyama na viazi na vanishi yake kwenye majani yale yaliyokatwa vizuri, mbele ya viatu vya meneja. Kisha akaisugua kwa mchanga na maji ya bwawa, akaisugua tena, akainusa, akaisugua mara nyingine.

Kwenye kikapu cha mapambo palikuwa na viazi, vitunguu na nyanya, vilivyopakwa mafuta ya ngozi ili ving'ae. Akaketi, akaanza kuvimenya. Alimenya kwa hasira iliyotulia, maganda yanaanguka marefu.

"Mama, hivyo ni vifaa vya kazi," alisema Kofia.

"Hivi ni viazi."

"Tutavihitaji kwa picha ya..."

"Kijana, una mama?"

"Ninaye."

"Amekula leo?"

Kofia akarudi nyuma ya kamera yake. Binti mkubwa alikwishafika, amechuchumaa kando ya mama yake, anakata vitunguu. Kitinda alikuwa anapuliza moto, mashavu yamejaa. Msusi alichemsha viazi na nyanya na chumvi ya kwenye mkebe, bila mafuta, kwa kuwa mafuta ya pale hakuyaamini tena, na safari hii aliviacha motoni. Kofia hakuthubutu kumwambia atoe. Viazi vikapasuka. Nyanya zikapotea ndani ya mchuzi. Hakikuwa na sura ya maana, kilikuwa chakula tu.

Gari likarudi. Dereva akashusha betri, na maboksi ya chakula cha kikosi, harufu ya kuku wa kuchoma ikaenea. Akashusha pia mfuko wa nguo. Kwa wakati huohuo jua likateremka hadi usawa wa maji, na mwanga wa dhahabu ukamwagika juu ya kila kitu, juu ya hema na moshi, juu ya uso wa mama aliyeinamia sufuria na wanawe wawili kandoni. Kofia akaguna kama mtu aliyepigwa. "Bosi, ni sasa! Ni sasa hivi!"

Meneja alijua kubadilika. "Sikilizeni," alisema, sasa kwa haraka. "Tumekoseana, yameisha. Kaeni hapo hapo mbele ya hema na sufuria yenu. Kuleni kweli. Chakula chenu, njaa yenu, hakuna vanishi. Sisi tutapiga tu. Na maboksi yale, chukueni mawili. Matatu. Fundi, si ndivyo mlivyotaka?"

Na fundi, kusema kweli, alivutwa. Kila alichokitaka kilikuwa pale: watoto washibe, mama ashibe, na sura yake ipande kwenye bango juu ya barabara, isiyoweza kufukuzwa. Kulikuwa na gharama gani? Kukaa tu. Kula tu. Akamtazama mkewe, akitafuta ruhusa, na mkewe hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Mimi nimeshasema yangu kule mwanzo," alisema. "Wewe ndiye uliyesema kidogo tu."

Bibi alikuwa amekaa kwenye mto, peremende moja shavuni, kofia ya kusuka imekwenda upande. Alimtazama mwanawe. Hakumwambia vumilia, wala hakumwambia usivumilie. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa na njaa.

Fundi akainama, akashika sufuria kwa mikono mitupu. Ilikuwa ya moto. Hakuiachia. Akaipitisha mlangoni mwa hema, akaiweka katikati ya sakafu aliyoiunga mwenyewe. Akarudi, akambeba mama yake mgongoni kama mtoto, akamwingiza. "Ingieni," akawaambia wanawe. Wakaingia. Mkewe akaingia wa mwisho, mwiko mkononi.

"Fundi!" Sauti ya meneja ilikuwa imepoteza vanila yote. "Fundi, usicheze na mimi. Hapo ndani hakuna mwanga! Ukifunga hiyo zipu, Jumatatu usije. Unanisikia? Unga umemwaga, wewe na hayo maviazi yako!"

Fundi alisimama mlangoni, kidole kwenye zipu. Nyuma ya meneja aliona mwanga ule wote wa dhahabu, mzuri, wa bure, unaoisha.

"Nakusikia, bosi," alisema, na akafunga.

Ndani kulikuwa na giza la rangi ya chungwa. Fundi akaketi, viganja vyake vimeanza kufura malengelenge. Msusi akapakua: wa kwanza mama mkwe, kisha watoto. Walikula bila kutazamana, kwa kelele, wanajichoma ndimi na hawajali. Nje meneja alikuwa anapiga simu, anapiga kelele, anapiga kitambaa cha hema kwa kiganja, na kila akipiga hema zima linatikisika.

"Chumvi imepungua," alisema Bibi, mdomo umejaa.

"Imepungua, mama."

"Niongezee hivyo hivyo."

Msusi akapakua sahani ya mwisho, akamsukumia mumewe. Hakumtazama usoni, na sauti yake haikuwa ya msamaha.

"Kula."

"Sina njaa."

"Kula, baba watoto. Jumatatu unaanza kutafuta kazi, utatafuta kwa nguvu gani, au kwa huko kucheka kwako?"

Fundi akachukua kiazi kwa vidole vilivyoungua, akala. Kitinda, sahani yake tupu, akanyoosha mkono kuomba tena, na safari hii hakuna aliyempiga. Mama yake akaishika sufuria ile ya kampuni, akailaza kwenye paja, akaikwangua kwa mwiko, kwa nguvu, kwangu, kwangu, kwangu, ili walio nje wasikie.